Bundi Hana Hatia

Iko rai iliyokaa katika vichwa vya watu wa nchi hii kwa dahari nyingi, ikarithiwa na mwana kutoka kwa baba na mjukuu kutoka kwa bibi, hata leo imepata heshima ya ukweli bila ya kuwahi kudaiwa ushahidi: kwamba bundi ni ndege wa nuhusi, mjumbe wa mauti na mtumishi wa wachawi, na kwamba nyumba aliyotua paani pake usiku haikosi kutoa jeneza. Katika Igowole, na katika vijiji vilivyotandaa kandokando ya njia iendayo kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, mkoani Iringa, rai hii haishikwi na wazee peke yao. Ameishika mwalimu aliyesoma, dereva wa lori la mbao, mkulima wa viazi, na hata muumini ambaye kila Ijumaa au kila Jumapili hukiri kwa kinywa chake kuwa ajali ya mwanadamu i mikononi mwa Mungu. Nayo imezaa rai ya pili, ndogo kuliko mama yake lakini yenye damu ile ile: kwamba mtu atokaye usiku kwa kusudi la kumtafuta bundi, darubini shingoni na kurunzi mkononi, ama ni mchawi, ama ana wazimu, ama ni Mzungu aliyekosa kazi ya kufanya. Nasema kwamba rai zote mbili ni batili. Kwamba ya kwanza imetudhulumu akili na mazao, na ya pili imetunyima elimu ya nchi yetu wenyewe. Na nitajitahidi kulithibitisha hilo kwa hoja, kwa kuwa dhana iliyozeeka haivunjwi kwa kejeli.

Insafu yataka kwanza hoja za wapinzani zisemwe kwa nguvu zake zote. Wao husema mambo matatu. Husema kwamba uzoefu umeshuhudia: fulani aliugua, bundi akalia juu ya mkaratusi nyuma ya nyumba, na kabla ya alfajiri fulani akakata roho. Husema kwamba wazee, ambao hawakuwa wajinga, waliliona jambo hili kizazi baada ya kizazi, wala mtoto hawezi kuwa na macho kuliko babu zake. Tena husema kwamba ulimwengu una siri, na dini zenyewe zinakiri kuwapo kwa visivyoonekana, basi anayeikataa habari ya bundi yu karibu kuikataa dini. Hoja hizi si za kupuuzwa, maana zimesimama juu ya huzuni ya watu waliofiwa, na mwenye kumjibu mfiwa hana budi kumjibu kwa upole. Lakini upole hauwi sababu ya kunyamaza.

Tuanze na uzoefu. Bundi wa msituni, yule mwenye macho meusi na kifua chenye michirizi ya hudhurungi na nyeupe, si msafiri. Dume na jike hushika milki yao, wakakaa humo mwaka baada ya mwaka, na usiku, hasa yanapokaribia majira ya kutaga, huitana: dume kwa sauti nzito ya mfululizo, jike kwa sauti iliyo nyembamba na ya juu zaidi. Kwa hiyo aliyelia usiku wa msiba alilia pia usiku uliotangulia, na wa kabla ya huo, na usiku wa arusi, na usiku mtoto alipozaliwa. Ila hapana aliyemsikia, kwa sababu watu wenye furaha, au waliochoshwa na jembe, hawahesabu sauti za gizani. Kumbukumbu ya mwanadamu ni mhasibu asiye mwaminifu: huandika usiku mmoja uliopatana na hofu yake, na kufuta masiku mia yasiyopatana nayo. Anayetaka kuthibitisha kwamba bundi huleta kifo hawezi kutuletea usiku ule mmoja akaturidhisha. Hana budi atuletee na masiku mengine yote ambayo bundi alilia na watu wakaamka wazima.

Tena ziko sababu zilizo wazi za bundi kuonekana hasa penye mgonjwa. Nyumba ya mgonjwa hukesha. Taa huwaka mpaka usiku wa manane, milango hufunguliwa na kufungwa, majirani huingia na kutoka. Taa huvuta nondo na wadudu wa kila namna, na bundi wa msituni, ambaye sehemu kubwa ya chakula chake ni wadudu, hufuata chakula chake. Penye makapi, makombo na kihenge cha mahindi pana panya, na penye panya huja bundi mweupe wa maghalani na wa mapaa ya makanisa, yule mwenye uso wa umbo la moyo. Kumbe hakuna kati yao aliyemfuata mgonjwa. Mmoja amefuata wadudu na mwingine amefuata panya, na watu waliokuwa macho kwa sababu ya mgonjwa wakawasikia. Usiku ambao nyumba nzima imelala, bundi huja akawinda akaenda zake, wala hapana wa kumsingizia.

Na sisi wa nyanda hizi za juu za kusini tunayo sababu kubwa kuliko wengine ya kutomtwika ndege mzigo wa vifo vyetu. Mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijatengwa nao, ulikuwa ukiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Na katika uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 mkoa mpya wa Njombe ulionekana kuwa na kiasi cha watu wazima 15 katika kila 100 wenye virusi hivyo. Miaka ile nyumba zilibaki na mayatima, na mashamba yakamea magugu kwa kukosa wa kuyalima. Je, ni bundi aliyeyafanya hayo? Kila saa iliyotumika kumtafuta aliyemtuma bundi ilikuwa ni saa iliyonyimwa zahanati, kipimo na dawa. Na kila kidole kilichonyoshewa ajuza wa jirani, eti ndiye mwenye ndege, kilimwongezea mfiwa adui bila ya kumrudishia maiti wake. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto kadhaa waliuawa Njombe, na mauaji yao yakahusishwa na imani za kishirikina. Simsemi kila anayemwogopa bundi kuwa ni muuaji, hasha. Lakini nasema kwamba akili iliyozoezwa kukubali kuwa sauti ya ndege ni ushahidi wa uchawi imekwisha kufunguliwa mlango ambao yaweza kupita mambo mabaya kuliko kumpiga ndege jiwe.

Nije kwenye dini, kwa kuwa ndiko wapinzani wangu wanakodhani kwamba wamejikinga. Waarabu wa zama za ujahili walidhani kwamba kichwani mwa mtu aliyeuawa hutoka ndege wa namna ya bundi, akawa analia juu ya kaburi akidai kunyweshwa, asinyamaze mpaka kisasi kilipwe; ndege huyo walimwita hama. Mtume Muhammad, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliikanusha itikadi ya hama kwa jina lake hasa, pamoja na desturi ya kutafuta fali katika mruko wa ndege. Basi Mwislamu anayemrushia bundi kokoto kwa kumdhania mjumbe wa mauti anaitetea itikadi ambayo Mtume wake aliivunja zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Na Mkristo, ambaye wenzake ndio walio wengi katika Mufindi, akiifungua Torati atamkuta bundi ametajwa katika orodha ya ndege wasioliwa, basi. Hatakuta mahali palipoandikwa kwamba bundi huleta kifo, ila katika Kumbukumbu la Torati atakuta kupiga ramli na kutazama fali kumekatazwa waziwazi. Ziko siri, nakubali. Lakini bundi si mmoja wa visivyoonekana. Anaonekana, anapimwa, anahesabika, anataga mayai, anafiwa na makinda yake, naye mwenyewe hufa.

Hoja ya wazee ndiyo inayonigusa moyo kuliko zote, kwa sababu ninawaheshimu wazee, na heshima hiyo ndiyo inayonilazimisha kutenga walichokijua na walichokiogopa. Walichokijua ni hazina. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja nyani mwenye haya, aitwaye kipunji, wakati hakuna kitabu kilichokuwa na habari zake, na wageni waliposikia hawakuwa na hakika kama huyo ni mnyama au ni kiumbe wa hadithi. Walipomwona kwa macho, na habari zake zikatangazwa kwa walimwengu mwaka 2005, ikabainika kwamba mwindaji ndiye aliyekuwa na haki. Katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ajabu ndani ya chungu cha mchuzi wa kuku, wakauliza, na ndege yule aliyekwisha kuiva akaja kujulikana kuwa ni kwale wa aina isiyowahi kuandikwa, ambaye jamaa zake wa karibu wako milima ya Asia. Wenyeji walikuwa wakimla siku zote. Hayo ni maarifa, nayo yalipatikana kwa kutazama. Lakini hofu ya bundi haikupatikana kwa kutazama. Ilipatikana kwa kufumba macho na kujifunika shuka. Mzee aliyeishi bila ya kurunzi, bila ya darubini na bila ya zahanati alihukumu kwa mwanga aliokuwa nao, wala hana lawama. Lawama ni yetu sisi tuliopewa mwanga zaidi tukachagua kubaki na giza lake huku tukiliita heshima.

Ebu tumtazame basi huyu mshitakiwa. Uso wake, ambao ndio uliomponza kwa kuwa unafanana kidogo na uso wa mtu, ni sahani ya manyoya iliyoumbwa kukusanya sauti. Masikio ya bundi mweupe hayakulingana, moja liko juu kuliko jingine, na kwa tofauti ile ndogo ya sauti kufika upande huu na upande ule hutambua panya yuko mbali kiasi gani kuume au kushoto, juu au chini. Mtaalamu wa Marekani, Roger Payne, alithibitisha kwa majaribio ndani ya chumba kisicho na mwanga hata chembe kwamba ndege huyu hukamata panya kwa kusikia tu. Kingo za manyoya ya mbawa zake zina matamvua laini yanayovunja mvumo wa upepo, ndiyo maana anaruka kimya; na ukimya huo, ambao watu huuita uchawi, ni hila ya mwindaji ambaye asingeshiba kama panya angemsikia akija.

Na panya ndiye adui wa kweli wa mkulima wa Igowole. Panya shamba huzaa zaidi ya kumi kwa uzao mmoja; hufukua mbegu ya mahindi kabla haijachipua, hurudi kula hindi likikomaa, kisha huingia kihengeni. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huko Morogoro, kimefanya uchunguzi wa miaka mingi juu ya hasara zake. Wala madhara ya jamii ya panya hayaishi kwenye mahindi: huko Lushoto, tangu mwaka 1980 na kwa zaidi ya miaka ishirini, maradhi ya tauni, yanayochukuliwa na viroboto vya panya, yaliwapata maelfu ya watu na kuua mamia. Anayeua bundi huku akilia juu ya panya anafukuza askari wake ili amlalamikie mwizi. Malaysia, katika mashamba ya michikichi, wakulima huwawekea bundi weupe masanduku ya kutagia. Na Jordan, nchi ya Waarabu ambako ndege huyu alikuwa akihesabiwa kuwa na nuhusi kama ilivyo kwetu, wakulima wamekubali kumjengea masanduku hayo hayo mashambani, kwa kuwa waliona faida yake. Sisi tunanunua sumu, tunamwaga, panya anakufa nusu, bundi anamla panya mwenye sumu na kufa naye, na msimu unaofuata panya, azaliaye upesi, anarudi, na bundi, azaliaye kidogo kidogo, harudi.

Hapo ndipo niingiapo katika rai ya pili, kwamba kutazama ndege ni kazi ya Wazungu. Historia inaikataa. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani katika Usambara kabla ya Vita Kuu ya Pili na wakati wake, aliandika mengi juu ya ndege wa milima yetu, lakini macho na masikio ya kazi ile yalikuwa kwa sehemu kubwa ya Mwafrika, Salimu Asmani, aliyekuwa mkusanyaji wake. Jali Makawa, Myao wa Nyasaland, alifanya kazi kama hiyo pamoja na mtaalamu wa ndege Constantine Benson, na ndege mmoja aliyepatikana Zambia mwaka 1964 amebeba jina lake la Makawa katika vitabu vya dunia nzima. Elimu hii basi haikuletwa kwa meli ikiwa kamili. Ilijengwa hapa, na mikono yetu imo, ila tumeisahau mikono yetu wenyewe.

Nani basi aliye karibu na hazina hii kuliko mtu wa Igowole? Upande wa kaskazini mashariki ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo hutembelewa kwa miguu, na ndani ya misitu ya safu ile wako chozi wa mbawa nyekundu, aliyeandikwa katika miaka ya 1980, na kwale niliyemtaja. Upande wa magharibi ipo Kitulo, uwanda wa kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Humo hutembea tandawala mkubwa, na mbayuwayu wa rangi ya samawati, ambaye duniani amebaki mchache, huja kutaga. Chiriku wa Kipengere hana nchi nyingine ila nyanda hizi zetu. Na kuhusu bundi wenyewe: Usambara na Uluguru zina bundi mkubwa wa milimani aliyeandikwa mwaka 1908, ambaye nje ya milima ya Tanzania hajulikani, Pemba ina bundi wake mdogo asiyekuwapo kisiwa kingine wala bara yoyote, na Kenya inashiriki nasi bundi wa Sokoke, aliyeko katika msitu wa pwani wa Arabuko-Sokoke na katika misitu ya chini ya Usambara. Mataifa makubwa yangejenga majumba ya kuwasifia ndege hawa. Sisi tumewaandalia manati.

Wala kazi ya kumtafuta bundi si ya kubahatisha wala ya kichawi. Ni kazi ya subira na adabu. Mtu hufika ukingoni mwa msitu kabla ya magharibi, ndani ya hifadhi akiwa na ruhusa na askari wa wanyamapori, akasimama kimya mpaka masikio yazoee. Huandika saa, upande ilikotoka sauti, na kama wamejibizana wawili au amelia mmoja. Hammuliki machoni, hakaribii tundu lenye makinda, wala haigi sauti yake mara kwa mara, kwani bundi anayeitwa na mgeni bila kikomo huacha kuwinda ili ailinde milki yake. Asubuhi huangalia chini ya mti, akaokota vidonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi huvitapika baada ya kula, akavipasua na kuhesabu mafuvu. Na katika kidonge kimoja mtoto wa shule aweza kusoma chakula cha usiku mzima kwa uhakika kuliko mpiga ramli yeyote.

Faida ya hesabu hiyo si ya ndege peke yake. Bundi wa msituni hutaga aghalabu katika mvungu wa mti mzee. Penye msindano na mkaratusi iliyopandwa safu kwa safu na kukatwa kabla ya uzee, kama katika mashamba makubwa ya miti ya Sao Hill, mivungu ya namna hiyo ni adimu. Kwa hiyo bundi wengi wakijibizana katika msitu ni dalili kwamba msitu bado una wazee wake, na wakinyamaza mwaka hata mwaka, ni haki kuuliza miti mikubwa imekwenda wapi. Katika nchi ambayo maji ya miinuko yake hushuka kuzungusha mitambo ya umeme ya Kihansi, yenye megawati 180, swali hilo ni la kila mwenye taa nyumbani, hata asiyetaka kusikia neno juu ya ndege.

Atabaki mtu wa kuniuliza, "Tutakula ndege hao?" Namjibu kwamba tayari anakula kwa sababu yao, kila debe la mahindi ambalo panya hakulifikia, na kwamba wako wageni wanaosafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwaona ndege wa milima yetu, wakalipa nauli, malazi na ujira wa mwongozaji. Lakini sipendi hoja yangu isimame juu ya fedha za wageni, kwa sababu mgeni huja na huacha kuja, na mtu anayekilinda chake kwa ajili ya mgeni tu hukiuza siku mgeni anapochelewa. Hoja yangu ni kwamba mtu asiyejua kinacholia nyuma ya nyumba yake hajaimiliki nyumba hiyo, hata awe na hati yake mkononi.

Basi haya ndiyo niyatakayo. Mashekhe na wachungaji wa Mufindi waseme juu ya mimbari kwamba fali ya bundi ni haramu kwa hawa na dhambi kwa wale, wasiliachie jambo hili kwa kulidhani dogo. Walimu wa Igowole wawapasulishe watoto vidonge vya bundi katika somo la sayansi, wawatume kuandika sauti za usiku za vijiji vyao. Wakuu wa hifadhi za Udzungwa na Kitulo wawafunze vijana wa vijiji vya jirani kuongoza matembezi ya usiku, na kuwafungulia kwanza wananchi kabla ya wageni. Mkulima aache mti mmoja mzee mpakani mwa shamba lake, na auweke mbali mfuko wa sumu. Na yule ambaye bado anashikilia kwamba bundi ni mjumbe wa mauti, alete ushahidi wake mchana, mbele ya watu, ukiwa umehesabiwa pamoja na masiku yote ambayo bundi alilia na hapakuwa na msiba; akiwa hanao, na aliweke chini jiwe lake.